Nazi Nilizozitupa Jalalani

Kiromo, Bagamoyo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Ipokee kwa mikono miwili, na nyingine mpe bibi hapo alipokaa, maana najua barua hii inasomwa naye akiwa ameinamisha sikio lake zima. Goti lako linaendeleaje? Linakusumbua bado ukiamka, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Uwele umetoka vipi mwaka huu? Na yule kuku mweupe ameacha kutagia kwenye kapu la nguo, au mmemwachia kapu lake? Nauliza mengi kwa sababu kila ninapokaa kimya nyumba yetu yote inanijia kichwani, mpaka sauti ya mlango wa jikoni.

Mimi ni mzima, alhamdulillah. Ni mzima na nimenenepa. Kanga ulizonifungia zinanikaa vingine kabisa.

Zuhura, mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma. Soma polepole, kwa sauti ya kawaida, si ile ya mtangazaji wa redio. Usiruke mahali panapomhusu shemeji yako ati kwa kuona haya, na usiongeze ya kwako. Nitajua.

Mama, huenda unashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Ninayo, na juzi nilikaa nayo mkononi tangu adhuhuri hadi alasiri. Nikaona nikikupigia nitalia kabla sijafika katikati, na wewe utadhani ni habari mbaya. Kwa hiyo nimechukua daftari. Kwenye karatasi naweza kulia nikaendelea.

Unaikumbuka siku ile pale stendi ya Kondoa? Idrisa alikuwa anapandisha mabegi juu ya basi, wewe ukanivuta pembeni. Ulikuwa umenifungia unga wa uwele, karanga, ukwaju, na ule mfuko wa mlenda uliokausha mwenyewe juu ya bati. Ukaniambia, "Salma, mkweo akila chakula chako akaomba tena, nipigie simu. Asipokula, nipigie vilevile. Nitakuja kukuchukua mwenyewe." Ukaniachia mkono, ukaondoka bila kugeuka.

Tangu siku ile umenipigia mara nyingi, na kila mara umeuliza lile lile: "Kaomba tena?" Nami nimekujibu, "Wanakula vizuri, mama." Hilo halikuwa jibu la swali lako, na ulijua, maana kila mara ulinyamaza kidogo kabla ya kuniaga. Leo nakujibu kwa ukweli, ila lazima nianzie mwanzo, na mwanzo wake una aibu.

Kwanza lakini niruhusu niseme juu ya Idrisa, vinginevyo kalamu haitaenda. Mama, nina furaha mpaka naona haya. Yule fundi wa umeme aliyekuja kijijini kwetu kusimamisha nguzo, ukasema ana miguu mirefu kama nguzo zake, ndiye huyu ninayemsikia akirudi jioni kutoka Mapinga, anakofunga nyaya kwenye nyumba mpya za watu wa mjini. Namtambua kwa mlio wa pikipiki kabla haijakata kona. Akiingia huosha mikono, husalimia mama yake, halafu hunitafuta kwa macho. Kunitafuta tu huko kunanitosha siku nzima. Bado naandika jina lake pembeni ya daftari kama msichana wa kidato cha pili. Hata hapa nimeliandika, kisha nikalifuta ili Zuhura asicheke.

Basi, tulipofika nilikaa fungate yangu ndani siku saba. Huku bibi harusi haguswi na moshi. Mama mkwe alipika kila kitu mwenyewe, na mimi nilijifunza pwani kwa mdomo kabla ya mikono. Asubuhi mihogo ya nazi, au mbaazi zilizolala ndani ya tui zito zikaliwa kwa chapati. Mchana wali wa nazi na mchicha. Boga nalo wanalipika kwa nazi, na iliki kidogo, bila sukari, nawe ungeapa lina sukari. Hakuna mambo mengi, mama. Chungu, moto wa vifuu, kitu kilichotoka shambani asubuhi, na nazi. Nikawa najiuliza, watu hawa wanaishi peponi halafu wananisubiri mimi niwapikie?

Siku ya nane mama mkwe akanikabidhi mbuzi. Mama, usione ajabu, ndivyo wanavyokiita kigoda chao cha kukunia nazi. Ni kibao cha kukunjwa, mbele yake kuna ulimi wa chuma wenye meno. Unakikalia, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha kwenye meno, na nazi inadondoka kwenye sinia kama theluji ya kwenye vitabu vyetu vya jiografia. Mama mkwe alikuja na hiki akiwa bibi harusi mwenyewe. Kibao kimelika katikati kwa kukaliwa. Akaniambia, "Haya mwanangu, Ijumaa tunakula mkono wako. Wali wa nazi na samaki. Nazi zipo nje, chagua tano."

Ijumaa ile kukawa na msiba kwa jirani. Mama mkwe na wifi yangu Tatu wakaenda, Idrisa akaenda kazini. Nikabaki peke yangu na rundo la nazi uani. Mkwezi alikuwa ameangua zilizokomaa na zisizokomaa kwa pamoja, na Idrisa kazifua zote asubuhi kwa haraka, kwa hiyo zilikuwa zimelala hapo bila makumbi, zote sura moja machoni pangu.

Mama, ulinifundisha nini kuhusu mayai? Tangu nina akili nakuona ukilitikisa yai karibu na sikio. Likicheza ndani, ni viza, tupa. Likinyamaza, ni zima, weka. Sijawahi kuona yai likikukosea. Basi nami nikaokota nazi ya kwanza, nikaitikisa sikioni. Chwa, chwa, chwa! Nikashtuka. Ya pili, chwa, chwa! Nikasema moyoni, masikini mama mkwe, mkwezi kamwangulia nazi mbovu, karibu rundo zima limeoza! Nikatafuta, nikatafuta, nikapata tano zilizonyamaza kimya, nzito, nikazipenda. Zile nyingine nikaona nikiziacha mtu anaweza kuzila akadhurika. Nikazibeba kwa ndoo safari nne, nikazitupa zote kwenye shimo la taka nyuma ya choo. Nilitoka jasho. Nilijiona mkwe mwema kuliko wote wa mkoa wa Pwani.

Bado hujacheka? Watu wa huku wangekuwa wamekwisha kuanguka chini kwa kicheko. Nazi iliyokomaa ndiyo inayolia, mama. Maji yake yamepungua, yanacheza, na nyama yake imekuwa nene yenye tui. Iliyonyamaza bado changa, imejaa maji hadi juu. Wao huiita koroma. Imepita kuwa dafu na haijafika kuwa nazi. Mtoto wa miaka sita hapa anajua.

Nikavunja makoroma yangu, nikakaa kwenye mbuzi. Nyama ilikuwa laini, inateleza mkononi, inatoka vipande badala ya unga. Nikadhani ni mimi sijui kukuna. Nikatia maji, nikakamua kwenye kifumbu, kile kimfuko chao kilichosukwa kwa ukindu, yakatoka maji meupe kidogo kama ya kuoshea mchele. Nikadhani yatakuwa mazito yakichemka. Nikachemsha. Nikachemsha tena. Samaki wakavunjikavunjika, wali ukawa kama ule wanaopikiwa wagonjwa, nami nimesimama pale nasubiri uzito ambao haukuwamo tangu mwanzo.

Mama mkwe akarudi na majirani wawili. Nikaandaa, nikapiga magoti, nikakaribisha. Akachukua tonge moja. Akatafuna taratibu sana. Kisha akaosha mkono, akasema kwa upole, "Kitamu, mwanangu. Ila nimeshiba kule msibani." Majirani nao wakasema wameshiba msibani. Mama, msiba ule ulikuwa wa mtu masikini. Watu walipewa kahawa.

Hapo ndipo Tatu alipokwenda kumwaga maganda. Nikasikia sauti kutoka nyuma ya choo.

"Mamaaa! Njoo uone! Nazi zote ziko shimoni!"

"Nazi gani?"

"Zetu! Wifi, nani katupa nazi?"

"Mimi," nikasema. "Zilikuwa viza. Zinacheza ndani."

Jirani mmoja, Bi Kidawa, akaziba mdomo kwa kanga. "Nazi viza! Haki ya Mungu, tangu nizaliwe!" Kicheko kikapasuka. Tatu alikaa chini kabisa kwenye mchanga. Kesho yake bombani wasichana walinitikisia ndoo zao sikioni, "Wifi, sikiliza, haya maji si viza?" Mpaka leo kuna wanaoniita Bi Mayai. Utani sikuuchukia. Wanataniwa wote huku, na Idrisa aliposikia alicheka hadi akashika ukuta, halafu akanikumbatia mbele ya mlango bila kujali nani anaona.

Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mama mkwe. Aliokota nazi zake shimoni moja moja, akazisafisha, akazipanga. Tangu siku ile nikienda jikoni alikuwa akiniambia, "Kapumzike, mwanangu. Wewe bado mgeni." Hakunifokea hata siku moja. Alikikunja kile kigoda akakiweka juu ya kabati chumbani kwake, jikoni kikabaki cha Tatu. Nilikuwa naletewa chai, naletewa chakula, naulizwa kama nimeshiba. Nikawa nalala nikiwaza, mama, kwamba mtu akikupenda kama mwanawe anakutuma maji. Akikuhudumia kila siku, amekuweka sebuleni. Nilitaka kugombezwa. Sikuthubutu kukwambia, kwa sababu ungekuja kweli, na mimi nisingeweza kukueleza jinsi ninavyompenda mtoto wao huku wao hawali chakula changu.

Nilimwambia Idrisa. Akafikiri. Kwanza akasema, "Tununue tui la pakiti dukani, umpikie, hatajua." Nikamtazama. Akasema, "Ndiyo, atajua." Jumamosi iliyofuata, mama yake alipokwenda shambani, Idrisa akapanda kiti, akakishusha kile kigoda, akaenda nacho nyuma ya nyumba. Na akakaa yeye! Mama, huku mwanamume hakai kwenye mbuzi, ni kichekesho. Miguu mirefu ile ilikuwa imejikunja hadi masikioni.

"Lete nazi. Hapana, hiyo rudisha. Tikisa. Inasemaje?"

"Inalia."

"Basi hiyo ndiyo. Inakuita."

Akakuna mbele yangu, akanifundisha. Tui la kwanza, lililokamuliwa kwa maji kidogo, unaliweka pembeni usiliguse. Unatia maji tena unakamua la pili, na la tatu, na hayo mepesi ndiyo unayopikia mboga mpaka iive. La kwanza linakuja mwisho, moto ukiwa mdogo. Usifunike chungu. Koroga upande mmoja, chota na upawa umimine, chota umimine, usiondoke hata nyumba ikiungua, maana ukiliacha linakatika, na likikatika hulirudishi. Nilimuuliza amejua wapi. Akasema utotoni alikuwa anakaa miguuni mwa mama yake akisubiri machicha matamu, yale makapi ya nazi iliyokamuliwa, na macho yake yalijifunza bila yeye kutaka.

Bi Kidawa akachungulia juu ya ua.

"Hee! Idrisa! Umeolewa wewe?"

"Nimeolewa, Bi Kidawa! Tena nimeolewa bara!"

"Makubwa! Na mumeo ndiye huyo anayetupa nazi?"

"Ndiye huyo huyo. Hata angetupa na mnazi wenyewe, sirudi kwetu."

Mama, nilicheka na nilitaka kulia. Ni nani aliyewahi kusema hivyo juu ya binti yako? Zuhura, umesoma yote? Haya.

Tulifanya hivyo Jumamosi kadhaa. Nikajua kupika, lakini nilikuwa nikiwapikia kuku, kwa siri, kama mwizi.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Wiki iliyopita mama mkwe alikuwa anafagia uani akashikwa na kizunguzungu, akashika mnazi, akakaa chini. Tukampeleka kituo cha afya. Presha ilikuwa imepanda sana. Muuguzi akampa vidonge, akamweleza bila kuzungukazunguka: chumvi kidogo mno, karibu na hakuna. Viungo vya pakiti aache kabisa, vimejaa chumvi. Vya kukaanga aache. Ale mboga za majani, samaki wa kuchoma au kuchemsha, na kama ni nazi basi tui jepesi, si lile zito kila siku. Na vidonge asivinywe bila kula.

Tukarudi nyumbani, na hakula. Tatu alipika vilevile kama siku zote, ila akaondoa chumvi, na chakula kilichozoea chumvi ukiiondoa kinabaki na pengo. Mama mkwe alitia mdomoni, akasema, "Mnanilisha pamba," akageukia ukutani. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili uji vijiko viwili. Siku ya tatu alikataa hata uji, akameza vidonge kwa maji matupu, akatapika. Mashavu yaliingia ndani. Idrisa hakwenda kazini. Alikaa kizingitini amejishika kichwa, na Tatu, yule mwenye kucheka kuliko wote, alikuwa anaosha vyombo visivyo na uchafu.

Nikaenda chumbani, nikafungua mfuko wako.

Nilikumbuka, mama, ule mwaka bibi alipokatazwa chumvi. Wewe hukumwondolea chumvi ukamwachia pengo. Ulijaza mahali pake. Ulitia ukwaju uchachuke, ukatia karanga zijaze mdomo, ukasema ulimi wa mtu mzima hautaki kudanganywa, unataka kushughulishwa. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kinu nakutazama. Kumbe na mimi macho yangu yalijifunza.

Nikatoka uani kwenye rundo. Nikachukua nazi, nikaitikisa sikioni. Ikalia. Nikaiweka chini. Nyingine, ikalia, nikaiweka. Tatu akasimama mlangoni, sufuria mkononi, macho yamemtoka.

"Wifi! Jamani, tena mayai? Leo?"

"Natafuta iliyonyamaza."

"Lakini hiyo ni koroma! Haina tui!"

"Najua haina tui, Tatu. Tui zito amekatazwa. Ila ina utamu wake. Siku ile nilionja."

Kisha akaweka sufuria chini, akaja kutikisa pamoja nami. Tukapata mawili.

Nilikuna ile nyama laini, sikulazimisha, nikakamua maji yake meupe. Nikachoma samaki mmoja, changu, kwenye makaa ya vifuu, nikamchambua miiba yote. Nikachemsha mlenda wako kwenye yale maji ya koroma, na nyanya, kitunguu saumu na tangawizi mbichi. Nikatia yule samaki na karanga ulizonipa, nimezitwanga mwenyewe. Ukwaju wako nikaukamua mwishoni. Chumvi sikugusa kopo lake. Nikaonja. Mama, ilikuwa wewe na pwani kwenye upawa mmoja! Kisha nikasonga ugali mdogo kwa ule unga wa uwele uliobaki, nikapakua kwenye bakuli la udongo.

Mama mkwe alikuwa ameegemea mto. Akatazama ndani.

"Hiki kinachovutika ni nini?"

"Mlenda, mama. Wa kwetu."

"Umetia chumvi?"

"Hapana."

Akafumba macho kama mtu anayekubali kuchomwa sindano. Akamega tonge dogo, akachovya, uzi wa mlenda ukamfuata mpaka kidevuni, Tatu akaupangusa. Akatafuna. Taratibu, vile vile kama Ijumaa ile. Akamega lingine. Halafu lingine. Tulikuwa watatu tumesimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alipomaliza alifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akalisukuma kwangu. Nikalipokea, nikageuka nilipeleke jikoni.

"Unakwenda wapi nalo? Lipo jingine?"

Mama, Tatu alipiga ukelele. Idrisa alitoka nje. Baadaye aliniambia vumbi lilimwingia machoni, na siku ile hapakuwa na upepo.

Nilipomletea la pili alikula kwa kituo, akawa anazungumza.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Na koroma pia kakufundisha yeye?"

"Koroma nilijifundisha mwenyewe, mama. Pale shimoni."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza juu ya jambo lile. Alicheka polepole, mabega tu. Kisha akaacha.

"Salma. Siku ile sikushiba msibani."

"Najua, mama."

"Niliona haya mbele ya wageni. Nikasema, mtoto wa watu nikimgombeza atarudi kwao, na mwanangu atamfuata. Nikaona bora nisikutume kitu." Akavuta pumzi. "Nimekosea. Nimekufanya mgeni nyumbani kwako. Tatu, kaniletee kile kigoda juu ya kabati."

Tatu akajibu, "Kiko nyuma ya nyumba, mama. Idrisa anakikalia kila Jumamosi."

Mambo yaliyofuata hayaandikiki. Itoshe kujua kwamba presha haikupanda, namshukuru Mungu, na kwamba Idrisa ana jina lake sasa bombani, tumetoshana.

Tangu hapo napika mimi. Asubuhi mama mkwe anavuta mkeka hadi mlangoni mwa jiko, ananitazama na kunigombeza. "Salma, unakoroga au unabembeleza mtoto? Moto punguza! Mchicha huo unaupika au unaukomoa?" Jana kanifokea kwa sababu ya kitunguu, nikageukia ukutani ili asione ninavyotabasamu. Anameza vidonge vyake baada ya kula, amerudi kufagia uani, na tulipokwenda kupima tena muuguzi alisema inashuka. Chumvi hajaiulizia. Anaulizia mlenda.

Na hapo ndipo penye ujumbe wake. Nauandika kama alivyousema, akiwa amekaa hapa karibu yangu: "Mwambie mkwe mwenzangu majani yamekwisha. Asiyatume kwa gari. Ayalete mwenyewe, na chumba kimefagiliwa." Nimemwambia una goti. Amejibu, "Goti nami ninalo. Tutakaa tuyachue pamoja."

Dereva anayemfahamu Idrisa atachukua mzigo huu pale Msata na kuupandisha basi la Dodoma. Ndani mna kifumbu kipya, upawa wa kifuu aliouchonga Idrisa mwenyewe akajikata kidole, na nazi sita nilizozichagua mimi. Usizivunje kabla hujazitikisa karibu na sikio, kama yai. Tano zitalia, hizo ni za mboga, na Zuhura anaweza kukuna kwa upande wa uma mpaka mtakapopata kigoda. Moja itanyamaza. Hiyo usiitupe, mama. Ni ya bibi, meno yake yataiweza.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie mkwe wake wa pwani anamkumbuka kwa ile kanzu aliyomwazima. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa na mke wake, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, na shangazi aliyesema nitarudi kabla ya mavuno. Shangazi mpe salamu mbili. Bibi mshike mkono kwa niaba yangu. Idrisa anakuamkia, anasema safari hii mabegi yako atayapandisha kwa adabu zaidi.

Kaomba tena, mama. Usije kunichukua. Njoo ukae nasi.

Mimi binti yako, na sasa binti wa majiko mawili,

Salma